Misumari Kwenye Ubao wa Mawimbi

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walipewa barua, wakaambiwa nenda Tabora, nenda Mtwara, wakaenda wakinung'unika. Sisi tulipewa vyeti. Nilirudi Songea na begi la vitabu, mama akanipa kazi ya kuchambua maharage, na mtaa ukanipa kazi ya pili bila kuniuliza: kujibu maswali. Mtu tumbaku yake ikipata madoa kule Namtumbo, akija mjini anapita kwetu. Mwingine ana ngiri. Mwingine ameletewa barua ya Kiingereza kutoka wilayani. Nikisema nilisoma uchumi, ananitazama kama jirani niliyemnyima chumvi.

"Si umesoma wewe?"

Nilikuwa nimesoma. Na nilikuwa mtu wa kubisha kila kitu. Nilibishana na katekista, nilibishana na kaka kuhusu soko huria, nilibishana na redio ikiwa inazungumza peke yake. Kwa hiyo sijui ilikuwaje kwamba siku niliyoulizwa swali la uhai wa mtu, sikubisha hata kidogo. Nilijibu haraka, kama mwanafunzi anayetaka kumaliza mtihani kabla ya wenzake.

Swali lilitokana na ubao. Kaka yangu alikuwa amepunguzwa kazi ya ukarani, akaanza kuuza viatu vya mitumba sokoni. Siku moja alifungua belo kutoka Dar es Salaam na ubavuni mwake, kati ya raba na makoti, akakuta kitu ambacho hakuna aliyekijua. Kilikuwa na urefu wa kunifika kiunoni, kimechongoka kidogo mbele, chepesi kama kikapu kitupu. Upande mmoja plastiki laini ya bluu, ndani povu gumu kama godoro lililokauka. Jirani yake alisema ni ubao wa kupigia pasi uliokatika miguu. Mwingine akasema ni mlango wa banda la kuku la Wazungu. Kaka hakujali jina. Alitafuta fremu ya mbao, akaulaza juu yake, akapigilia misumari minne kwenye pembe, akapanga viatu vya kike. Ukawa meza yake kwa msimu mzima.

Aliyeutambua ni shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake wifi yangu, mke wa kaka. Wao ni watu wa ziwani, kutoka kijiji kimoja kaskazini mwa Mbamba Bay. Shemeji alikuwa rika langu, alikuja Songea kutafuta kibarua, akawa anamsaidia kaka kubeba mizigo. Siku ya kwanza kufika sokoni aliondoa viatu vyote juu ya ile meza, akainama, akaipapasa chini.

"Huu wa mawimbi," alisema.

"Mawimbi gani tena? Toa usingizi machoni, upange viatu," kaka akamwambia.

Lakini alikuwa sahihi. Kwao, alitueleza, watoto hulalia kifua vipande vya mitumbwi iliyovunjika, wanasubiri wimbi, wimbi linawachukua mpaka mchangani. Wao hawakuwa na jina la mchezo huo, walisema tu kupanda mawimbi. Kumbe kuna mtu, mbali huko asikokujua, alikaa akatengeneza ubao kwa ajili ya jambo hilo hilo! Alifurahi mpaka nikaona wivu. Mimi sikuwahi kukuta katika vitabu vyote vya chuo kitu kilichoonekana kutengenezwa kwa ajili yangu.

Kaka alipopata kibanda cha mbao, alimpa ule ubao. Aling'oa misumari kwa koleo nikiwa nimesimama pale. Mitatu ilitoka. Wa nne ulikatika, kichwa kikabaki mkononi, kipande kikazama ndani ya povu. Kaka akasema, "Hicho ni cha kwako, shemeji, bakshishi."

Wiki mbili kabla ya Krismasi shemeji alifunga safari ya kwenda kumsaidia bibi yake kupanda mihogo. Asubuhi ya kuondoka alinikuta jikoni na wifi. Ubao ulikuwa mgongoni, ameufunga kwa kamba ya katani.

"Dada msomi," alisema. Aliniita hivyo akitaka kitu. "Nikuulize la kisomi."

"Uliza."

"Mawimbi ya kwetu, yale yenyewe ya kupanda, yanakuja wingu likishafunga. Upepo unatangulia, mvua inafuata. Na ngurumo ndani yake. Bibi akisikia ngurumo moja tu anapiga kelele ufukwe mzima: tokeni majini! Ukitoka, ndiyo basi, mvua ikiisha ziwa linalala. Sasa nikibaki juu ya hili dude, radi itanipata?"

"Muulize na tarehe ya mazishi, tujiandae," wifi alisema bila kugeuka.

Niliubonyeza ubao kwa kidole gumba. Ulirudi taratibu. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, lakini kile nilichobaki nacho nilikuwa nacho kwa uhakika mkubwa: vipitishi upande huu wa ubao wa darasani, vihami upande ule. Shaba, chuma, maji yenye chumvi. Mpira, plastiki, kioo.

"Hii ni jamii ya mpira," nilisema. "Mpira haupitishi umeme. Ukilala juu yake, mwili wako haugusi maji. Bibi anasema hivyo kwa sababu ya mila tu."

"Miguu lazima iwe majini. Ndiyo kasia."

"Basi iweke kidogo."

"Kidogo kama chumvi?" wifi akacheka.

Nikacheka pia. Naikumbuka sentensi ile kuliko yoyote niliyoandika chuoni. Basi iweke kidogo. Shemeji aliondoka akiwa ameridhika, na mimi nikarudi kwenye maharage.

Siku tatu baadaye ilinyesha Songea kama mtu anayemwaga debe. Ngurumo ya kwanza tu, mama alianza kazi yake. Alifunika kioo kwa kanga, akaingiza sufuria zilizokuwa zinaanikwa nje. Akachomoa jani moja kavu kwenye tawi la Jumapili ya Matawi lililokuwa juu ya mlango, akaliweka kwenye mkaa. Moshi mwembamba ukapanda. Kisha akaniangalia.

"Vua hiyo sweta nyekundu."

"Mama, radi haioni rangi."

"Umeiuliza?"

"Nimevaa kandambili. Mpira. Umeme haupiti." Nikamweleza ya vipitishi na vihami, kwa kirefu, maana nilikuwa na nafasi na alikuwa hana pa kukimbilia. Nikamwambia hata waya za umeme pale barabarani hazijavishwa kitu, na bado tunapita chini yake salama, kwa sababu hewa ni kihami, haipitishi.

Mama alikuwa amekaa mbali na mlango, miguu ameikunja. Hakuwa ananibishia. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Hewa haipitishi umeme?"

"Haipitishi."

"Sasa hiyo radi kutoka kule juu mpaka hapa, inapita kwenye nini?"

Nilifungua mdomo. Bati likapigwa na mvua, sauti ikajaa chumba. Inapita hewani. Inapita kwenye hewa yote ile, kuanzia wingu lililoficha mlima mpaka kwenye mti wa jirani, na hewa haipitishi umeme. Ikiwa ina nguvu ya kupasua kihami chenye unene wa mlima, itashindwa na povu lenye unene wa vidole vitatu? Na maji yakipigwa mbali kidogo, miguu ile iliyowekwa "kidogo" ndani yake, inakuwaje?

Nilitafuta daftari langu la kidato cha nne. Panya walikuwa wamekula kona ya kurasa za macho na lenzi. Ukurasa wa umeme ulikuwa mzima, na uliniambia yale yale niliyomwambia shemeji. Hakuna kilichokuwa uongo pale. Nikavua sweta, na sikujua nimeivua kwa sababu gani.

Mvua ilipopungua nilikwenda misheni, ambako kulikuwa na simu ya upepo inayofika mpaka misheni ya ziwani. Bruda aliyeiendesha alikuwa anakunywa chai karibu na mashine iliyozimwa.

"Antena nimeichomoa," alisema. "Wingu hili unaliona? Rudi kesho asubuhi."

Nilirudi kesho yake. Aliita mara tano. Ilitujibu mikwaruzo tu.

"Huko kwao nako kumechafuka. Na wao wamechomoa," alisema. "Ujumbe wenyewe ni nini, nikipata nafasi niupeleke?"

"Kuna kijana kijiji cha kaskazini. Aambiwe asikae ziwani kukiwa na ngurumo."

Bruda aliacha kuandika. "Mbona huko hata kuku wanalijua hilo? Nani amemwambia akae?"

Nilimwambia asante, nikaondoka.

Kaka alipojua nataka kwenda, alicheka mpaka wateja wakageuka. "Unakwenda Mbamba Bay kufuta kauli? Andika barua, mpe dereva."

"Barua itafika lini?"

"Itafika kabla yako, kwa barabara ile."

Wifi hakucheka. Alifunga mkate na chupa ya mafuta ya kula kwa ajili ya bibi yake, akanipa, akasema polepole, "Mkute, wifi." Basi. Wala hakunilaumu, na ningependa anilaumu.

Nilipanda lori la saruji. Tulikwama mara mbili kabla ya Mbinga, nikalala huko kwa shangazi, kesho yake tukateremka milima ya Umatengo tukiwa tumeshikilia turubai. Njia nzima nilikuwa nahesabu mawingu. Nilijaribu pia kubisha, ndiyo dawa yangu ya kila siku: huenda hakuna wimbi, huenda mihogo imemshika, watu wangapi wanapigwa na radi kwa mwaka? Sikuwa na takwimu, na kama ningekuwa nazo, yeye alikuwa mmoja tu. Kutoka Mbamba Bay nilitembea saa mbili kando ya ziwa. Maji yalikuwa yametulia kama sahani.

Nyumba ya bibi ilikuwa karibu na mchanga. Alikuwa anamenya mihogo barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kutoka Songea? Yule wa mpira?"

Nilishusha mzigo wa wifi barazani. Kisha shemeji akatokea nyuma ya nyumba, mzima, anatafuna muwa. Ila aligeuza kichwa upande mmoja ili anisikie, na alikuwa anachechemea.

"Dada msomi! Umenisaidia, dada. Umeniokoa!"

Alinisimulia akiwa amesimama, kwa mikono yote. Juzi wingu lilifunga, mawimbi yakaja, bibi akapiga kelele, watu wakatoka, yeye akabaki. Alipanda wimbi la kwanza, la pili. Alipokuwa anageuka kurudi, kila kitu kikawa cheupe. Radi ilipiga majini, mbali kidogo, alisema, kama kutoka pale mpaka kanisani. Miguu ikafa. Meno yakabana. Alisikia kama siafu wanapanda kutoka nyayo mpaka kiunoni, na sikio la kushoto likajaa filimbi, na hadi leo filimbi haijanyamaza. Hakuweza kupiga maji. Aliukumbatia ubao, mawimbi yakamleta ufukweni kama gogo.

"Watu wakasema nimekufa. Nikawaambia, sikufa, mpira huu! Dada amesoma chuo kikuu, aliniambia."

"Nilichoma jani la matawi," bibi alisema akiendelea kumenya. "Nilipoona haji, nikachoma tawi zima."

"Bibi, ni mpira."

"Haya, mpira."

Shemeji akanionesha vijana wawili waliokaa chini ya mti wa karibu. Walikuwa na mipira ya ndani ya tairi za lori, imejazwa upepo na kuzibwa viraka. Walikuwa wanasubiri wingu lijalo, baada ya kusikia habari zake.

Nilikaa chini, nikamweleza yote. Nikamwambia nilikosea. Nikamweleza habari ya hewa, kama mama alivyoniuliza. Nikamwambia umeme ulipita ndani ya maji ukamfikia kwa miguu ile ile niliyosema aiweke kidogo. Alinisikiliza kwa sikio zima, ametulia.

"Kama mpira hausaidii," aliuliza, "mimi nimeponaje?"

"Sijui. Labda ilipiga mbali. Labda bahati."

"Unaona? Mwanzo ulijua. Sasa hujui. Nimfuate yupi, yule dada wa Songea au huyu?"

 Kama siku ile jikoni ningemwambia sijui, angemsikiliza bibi. Sasa nilikuwa nimempa sababu, na sababu imempa maisha, kwa macho yake mwenyewe. Nani anaitupa sababu ya namna hiyo kwa ajili ya "sijui"?

Alasiri upepo ulianza upande wa Malawi. Ziwa lilibadilika rangi, kwanza mbali, kisha karibu. Nikaona mistari ya mawimbi ikijipanga, na lazima niseme ilikuwa mizuri, na nilielewa. Ngurumo ikasikika ndani ya wingu, nzito, kama mtu anasukuma mapipa. Bibi alisimama akapiga kelele, "Tokeni majini!" Watoto wakatoka. Wale vijana wawili wakasimama na mipira yao, wakamtazama shemeji. Shemeji akauchukua ubao.

"Mmoja tu, dada. Wimbi moja."

Nilikamata ubao kwenye pembe, sikuwa na mpango wowote, nilikamata tu. Kidole changu kikaingia kwenye tundu.

"Kaka alipigilia misumari mingapi hapa?" niliuliza.

"Minne."

"Ilitoka mingapi?"

Akauegemeza ubao magotini. "Mitatu."

"Chuma kinapitisha umeme?"

"Wewe ndiye unajua."

"Kinapitisha," nilisema.

Hakuna neno katika hayo lililokuwa la uongo. Msumari ulikuwamo, na chuma kinapitisha. Lakini kipande chenye ukubwa wa punje mbili za mahindi hakiongezi wala hakipunguzi kitu mbele ya radi, na nililijua hilo wakati nasema, kama ninavyolijua sasa. Uso wake ulibadilika. Juzi alikuwa amelalia msumari huo kifuani! Akakaa chini barazani pale pale, akaomba kisu cha mihogo, akaanza kuchimba.

Alichimba kwa hasira. Vipande vya povu viliruka kama unga, kuku wakaja, wakadonoa, wakatema. Mawimbi yalikuwa yanapiga, makubwa, moja nyuma ya lingine, na hakuna mtu juu yake. Wale vijana walisogea barazani kuangalia, mvua ikaanguka, tukabanana wote chini ya makuti. Radi ilipiga mahali fulani ng'ambo ya mwamba. Bibi alikuwa amefunika kioo chake cha mlangoni na kunifunika mimi mabega kwa kanga hiyo hiyo, ncha huku na ncha huku. Sikuuliza kwa nini.

Kisu kilipogonga chuma, ubao ulikuwa na shimo la kupitisha ngumi. Shemeji alitoa kile kipande, chenye kutu, akakiweka kiganjani mwangu. Mvua ilikuwa imepungua, ila ngurumo bado zinazunguka, na ziwa halijalala.

"Sasa," alisema. "Nikiuziba kwa lami, chuma hakimo tena. Si utakuwa salama?"

Wote waliniangalia. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuja kwenye swali lile lile.

"Hapana," nilisema.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukueleza vizuri. Ngurumo ikisikika, utoke majini. Kama bibi anavyosema."

Bibi akacheka, meno machache yote nje. "Umetoka Songea mpaka huku kuja kuniambia ninachosema?"

Shemeji hakucheka. Aliuegemeza ubao ukutani, lile shimo likatazama ziwa. Mmoja wa wale vijana alikuwa amekwisha kugeuka, anayapima mawimbi kwa macho, mpira wake begani. Alikuwa amenisikia nikisema siwezi kueleza, na niliona jibu hilo halijamtosha.

"Dada," aliuliza, "tairi za lori zina waya ndani, sivyo?"

Tairi lina waya. Mpira wa ndani, kama ule aliobeba, hauna hata mmoja, ni mpira mtupu.

"Zimo," nilisema. "Nyingi sana."

Akaushusha begani.